Marehemu Asiyedai

Mwanamume wa makamo, nadhifu, ameketi kwenye kochi katika nyumba iliyo kando ya bahari. Anamsimulia bibi kizee habari za usiku aliomposa. Walikwenda sinema, anasema, wakatazama My Best Friend's Wedding, filamu ya Julia Roberts iliyotoka mwaka 1997, na baada ya hapo ndipo alipomtamkia. Bibi anasikiliza kwa raha, kisha anaikosoa hadithi yake mwenyewe. Filamu ile ni nyepesi mno kwa siku kubwa kama hiyo. Je, wakisema walitazama Casablanca, kwenye jumba la sinema la kale? Mwanamume hana kipingamizi. Watakapoizungumza tena itakuwa Casablanca, na ndiyo itakayokuwa kweli yao.

Mwanamume huyo ni marehemu. Anaitwa Walter Prime, na ni hologramu: taswira ya mwanga yenye sura ambayo Walter alikuwa nayo alipokuwa na miaka arobaini na ushei, iliyolishwa habari za maisha yake na watu waliomjua. Bibi ni mjane wake, Marjorie, aliyevuka miaka 80 na ambaye kumbukumbu zinamponyoka. Binti yao Tess na mkwe wao Jon ndio waliomleta Prime nyumbani ili mzee apate wa kuongea naye. Wakati ni katikati ya karne hii, kwa hiyo Marjorie ni mtu wa rika la wengi walioitazama filamu hii inayomhusu wakiwa na nywele nyeusi bado.

Filamu hiyo, Marjorie Prime, iliongozwa na Michael Almereyda. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Sundance, Januari 2017, na huko ikapewa tuzo ya Alfred P. Sloan, inayokwenda kwa filamu zinazoshughulikia sayansi na teknolojia. Chimbuko lake ni tamthilia ya Jordan Harrison, iliyopanda jukwaani Los Angeles mwaka 2014, ikafika hatua ya mwisho ya kuwania tuzo ya Pulitzer mwaka 2015, na mwaka huohuo ikaoneshwa New York.

Kwenye maziko ya kwetu, kabla watu hawajatawanyika, mtu wa familia husimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu vilevile. Tangazo lenyewe ni fupi, na mara nyingi hakuna anayejibu papo hapo. Lakini limebeba imani nzito: kufa hakumfutii mtu deni, wala hakuwafutii wengine deni walilo nalo kwake. Kila ninapoirudia Marjorie Prime, tangazo hilo hunijia akilini, kwa sababu filamu hii inatuonesha marehemu wa aina ambayo haijapata kuwapo. Ni marehemu asiyedai. Anasikiliza, anashukuru akisahihishwa, na habari mpya akipewa anaitunza. Hataki kitu. Naona huo ndio ubunifu wake wa kisayansi hasa, kuliko mwanga uliomfinyanga.

Si ajabu kwamba wazo hili lilizaliwa kwenye tamthilia. Tumezoea kudhani kwamba bunilizi za sayansi ni mali ya sinema, kwa kuwa sinema ndiyo inayoweza kutupeleka angani na kuiteketeza miji. Jukwaa halina uwezo huo. Lina chumba, taa, na watu wachache wanaotoka jasho mbele yetu. Hata hivyo jukwaa ndilo lililotupa roboti. Mwaka 1920 Karel Čapek alichapisha tamthilia yake R.U.R., na Januari 1921 ikaigizwa katika Jumba la Taifa la Maonesho mjini Prague. Roboti wa Čapek hawakuwa vyuma. Walikuwa viumbe wenye miili iliyotengenezwa kiwandani, wanaofanana na watu kiasi cha kumkanganya mgeni. Na ilibidi wafanane na watu, kwani jukwaani mashine lazima iigizwe na binadamu. Mwaka 1938 BBC ilirusha sehemu ya tamthilia hiyo kwenye televisheni, wakati televisheni yenyewe ilikuwa bado changa.

Kutokana na upungufu huo, jukwaa liliipa bunilizi ya sayansi swali lake kuu. Ukimweka mwigizaji hai mbele ya hadhira na kusema kwamba huyu si mtu, kila mtazamaji ataanza kumchungulia atafute tofauti. Atautazama mkono, atausikiliza mpumuo. Sinema zilizotokana na jukwaa hurithi tabia hiyo ya kutegemea mwili kuliko mitambo. Hata The Rocky Horror Show, mzaha wa nyimbo ulioanza kwenye ukumbi mdogo wa Royal Court jijini London mwaka 1973 na kuwa filamu mwaka 1975, iliibeba kutoka jukwaani hazina yake kubwa kuliko zote, yaani Tim Curry mwenyewe akiwa amevaa viatu vya kisigino. Bila mwili ule, sayari yake ya mbali isingemshughulisha mtu.

Almereyda naye alimchukua mwigizaji pamoja na tamthilia. Lois Smith, aliyezaliwa mwaka 1930 na aliyeonekana kwenye sinema mara ya kwanza katika East of Eden ya mwaka 1955, alimcheza Marjorie Los Angeles, akamcheza New York, kisha akamcheza mbele ya kamera. Jon Hamm ni Walter, Geena Davis ni Tess, Tim Robbins ni Jon. Mwongozaji alikuwa na kila kisingizio cha kupamba. Angeweza kutuonesha jiji la mwaka 2060, magari yake, simu zake. Badala yake ametuacha sebuleni, na bahari dirishani. Ujanja wa picha ni haba mno, wa kutukumbusha tu kwamba Walter hashikiki. Baada ya hapo Hamm anabaki na kazi ya mwigizaji wa jukwaani: kukaa wima kidogo kupita kiasi, na kungoja zamu yake ya kusema bila dalili ya kuchoka kungoja.

Kuna badiliko moja ambalo humpata mtazamaji bila kutangazwa. Marjorie yuko kwenye kiti, mtulivu, macho yamechangamka, anamuuliza Tess maswali ya adabu. Unafurahi kumwona amepata nafuu. Kisha unasikia kwamba maswali yake ni ya mgeni. Anauliza mambo ambayo mama angeyajua. Ndipo unapoelewa kwamba Marjorie amekwisha kufa na hukuoneshwa mazishi; huyu ni Marjorie Prime. Mwigizaji ni yuleyule, uso ni uleule, ila ule usumbufu wa mzee umeondoka, ule wa kutania, kununa, kugoma kula na kuteta na binti yake. Smith amemwondoa Marjorie kwa kumpunguzia maudhi. Tess anahangaika kumfundisha mama yake awe mama yake, na mama anakubali kila anachoambiwa. Nani kati yetu ana mama wa namna hiyo?

Almereyda alikwisha kushughulika na marehemu anayerudi. Mwaka 2000 aliihamishia Hamlet katika New York ya leo, Ethan Hawke akiwa mwana na Sam Shepard akiwa mzuka wa baba. Mzuka wa Shakespeare haurudi kuliwaza mtu. Una malalamiko, unataja jina la muuaji, unataka kisasi na unataka ukumbukwe. Mizimu ya kwetu nayo hailegei. Humjia mtu usingizini ikauliza kaburi limeachwa majani kwa nini, au mjukuu amenyimwa jina kwa nini. Ukimweka Walter Prime kando ya baba yake Hamlet, utaona jinsi teknolojia ilivyomfuga marehemu. Ana sura ya mume lakini ana cheo cha mtumishi. Marjorie akitaka kumnyamazisha, anamnyamazisha.

Tess peke yake ndiye anayeliona hilo mapema, na kwa hilo wengine humwona mgumu. Anamkumbusha Jon jambo ambalo analihusisha na mwanafalsafa William James: tunapokumbuka kitu haturudi kwenye kitu chenyewe, tunaikumbuka mara ya mwisho tulipokikumbuka, kama nakala iliyotolewa kwenye nakala. Maabara zimesogea karibu na kauli hiyo. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge alichapisha majaribio ambamo Waingereza walisoma ngano ya watu wa asili wa Amerika ya Kaskazini, kisha wakaisimulia tena na tena kadiri siku zilivyopita. Mambo mageni yalidondoka au yakageuzwa yakawa ya nyumbani. Mtumbwi ukawa mashua ya kawaida. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake wa New York waliwafundisha panya kuogopa mlio fulani. Baadaye waliwakumbusha kwa mlio uleule, na papo hapo wakawadunga kwenye ubongo dawa inayozuia seli kutengeneza protini. Woga ule ukatoweka. Kumbukumbu inapoamshwa huwa imefunguka, na kabla haijafungwa tena inaweza kuguswa.

Kwa hiyo Marjorie anapoibadilisha My Best Friend's Wedding ikawa Casablanca, hafanyi uhalifu wowote. Anafanya waziwazi kile ambacho ubongo hukifanya kimyakimya. Familia hii imewahi kuwa na mbwa mweusi aitwaye Toni. Alipokufa wakamleta mwingine wa aina ileile wakampa jina lilelile, na jinsi miaka ilivyokwenda ikawa haina maana tena kuuliza ni Toni yupi aliyekuwa akikimbia ufukweni. Hadithi hiyo inasimuliwa kwa upole na huchekesha. Harrison ameiweka mapema ili baadaye tuikumbuke kwa hofu, watu watakapoanza kubadilishwa kama Toni.

Kuna kitu kimoja ambacho Marjorie hajakipamba, amekizika. Ni mwanawe Damian, kaka yake Tess, aliyejiua akiwa kijana. Miaka na miaka jina lake halikutajwa nyumbani. Jon, mkwe mwema, ndiye anayemweleza Walter Prime habari zake, mwingine asipokuwapo, kama mtu anayekabidhi ufunguo. Tangu hapo ndani ya sebule ile kuna mmoja anayejua yote na hasumbuliwi na lolote. Tess ameishi maisha yake yote na kaka asiyetajwa, akiamini kwamba mapenzi ya mama yalimfuata marehemu kaburini. Prime ameipokea habari ileile kama alivyoipokea ya mbwa.

Tusimcheke Jon kwa kuchagua cha kusema na cha kuficha. Misibani kwetu husomwa wasifu wa marehemu, na kila mtu anajua jinsi unavyoandikwa usiku wa kuamkia mazishi, wazee wakikaa pembeni kuamua mtoto yupi wa nje atajwe na ugonjwa upi uitwe kwa jina lake. Ulevi huwa ucheshi, ukali huwa msimamo. Ila wasifu unaposomwa, uwanjani wapo wanaoujua ukweli. Yupo mke aliyepigwa, yupo ndugu aliyedhulumiwa shamba, na nyuso zao ni sehemu ya maziko. Wasifu hukutana na wadai wake hadharani. Anachokosa Prime ni uwanja huo. Anayemlisha habari ndiye shahidi pekee, na akishaondoka hakuna wa kukohoa.

Harrison aliandika haya kabla hatujazoea kuongea na mashine kila siku, lakini dalili zilikuwapo zamani. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT alieleza programu yake ELIZA, iliyojifanya tabibu wa nafsi kwa kumrudishia mtu maneno yake mwenyewe yakiwa swali. Weizenbaum alisimulia kwamba katibu wake, aliyejua fika kuwa ile ni programu tu, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo kwa faragha. Mwaka 2016 Eugenia Kuyda alichukua ujumbe wa simu wa rafiki yake aliyefariki ghafla, akaufanya malighafi ya programu inayojibu kwa mtindo wa marehemu. Mwaka 2020 televisheni moja ya Korea Kusini ilionesha mama aliyevishwa miwani ya kompyuta akikutana na taswira ya binti yake aliyefariki akiwa mdogo. Mikono yake ikawa inapapasa hewa. Sina ujasiri wa kumwambia mama yule kwamba amekosea. Maombolezo hayana mwalimu. Namwelewa Marjorie pia: mtu ambaye jana yake inayeyuka ana haki ya kuwa na mwenzake wa kumrudishia japo vipande.

Ninachokitilia shaka ni hicho kinachoitwa kukumbuka. Walter Prime ana habari za Walter. Hana deni kwake. Jon akisema uongo, Prime hapotezi kitu. Damian akitajwa, Prime hapati usiku mmoja wa kukosa usingizi. Tess, pamoja na uchungu na ukaidi wake, ndiye kumbukumbu hai ya nyumba ile, kwa kuwa ndiye anayedaiwa. Analipa kila siku kwa jambo ambalo hakulitenda, na filamu haituambii kwamba kulipa huko ni kuzuri. Mwishowe naye anajiua, kama kaka yake. Jon anabaki akimweleza Tess Prime jinsi Tess alivyokuwa, na katikati ya maelezo anaona upuuzi wake: anamwambia mkewe habari ambazo mkewe alimwambia yeye. Hakuna anayembishia. Hapo ndipo upweke wake unapofika mwisho wa kipimo.

Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, Mkenya John Mbiti alieleza kwamba mtu akifa haingii Zamani mara moja. Hubaki katika Sasa maadamu yupo mtu aliyemjua, anayemtaja kwa jina, anayemmwagia kinywaji na kumtengea chakula. Hali hiyo huweza kudumu vizazi vinne au vitano. Afapo wa mwisho aliyemjua, marehemu hukamilisha kufa kwake, akajiunga na umati wa waliotangulia. Kwa mpango huo, mwenye kukumbuka lazima awe mtu wa kufa. Kumbukumbu ina umri kwa sababu anayeibeba ana umri, na kusahauliwa kuna wakati wake wa haki, wakati ambapo deni limekwisha kulipwa kadiri lilivyowezekana.

Onesho la mwisho la Harrison linaupindua mpango huo. Walio hai wameondoka wote. Sebuleni wamebaki Walter, Marjorie na Tess, Prime watatu, wakipeana habari kwa adabu. Walter anafichua kwamba walikuwa na mtoto wa kiume. Jina lililowakaa watu kooni maisha yao yote linatamkwa kwa sauti ya mazungumzo ya jioni, na wanaolisikia wanalipokea kwa shukrani na wanaona ni vema kwamba palikuwa na upendo. Maneno yote ni sahihi na yamejaa upole. Hapana hata mmoja ambaye yanamgharimu. Damian hatimaye ametajwa, pasipo mama wa kumlilia wala dada wa kumwonea wivu. Wengine wameliona onesho hili kuwa la amani. Mimi naona akaunti iliyofungwa baada ya wahusika wote kufa, salio likasomeka sifuri.

Ukweli ni kwamba filamu yenyewe nayo ni aina ya Prime. Lois Smith wa mwaka 2017 atabaki na uso uleule, atasema sentensi zilezile kwa pumzi ileile, nasi tukiiwasha saa nane za usiku hatalalamika. Tamthilia haina raha hiyo. Iko kwenye karatasi, na ikikosa mwili haipo. Ili Marjorie aseme tena, lazima mzee mwingine akubali kuyabeba maneno yote yale, ayakariri akiwa katika umri ambao wengi husahau, na apande jukwaani jioni akijua kwamba anaweza kukwama. Mwaka 2025 ilipopelekwa Broadway, aliyeubeba mzigo huo ni June Squibb, aliyezaliwa mwaka 1929. Hakuwa Lois Smith, wala hakuna aliyemwomba awe. Tamthilia inadai mwili, muda na woga wa mtu fulani, kila mara upya, na anayekubali kuilipa hulipa kwa vile alivyo navyo mwenyewe. Ningechagua kukumbukwa kwa njia hiyo, na watu wanaokosea maneno yangu, kuliko kutunzwa bila kosa na kitu ambacho sikukiachia deni lolote.